Dopamini haipimwi kwa TikTok, mdogo wangu

Msomaji mmoja wa Mbarara ameniandikia: "Dada, nimefuta TikTok ili dopamini yangu ipande, mbona bado nashindwa kuamka?" Mdogo wangu, umejinyima bure. Kukosa hamu ya kila kitu kunahusishwa na dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, ndiyo, lakini sonona, huo ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, si ugonjwa wa kemikali moja. Tena hakuna maabara, Kampala wala London, itakayokutoa damu ikakuambia ubongo wako una dopamini kiasi gani.

Mimi dopamini nimeijulia kifuani. Sonona yangu ilikuwa ile nzito, ya kusikia sauti. Hospitali wakanipa haloperidoli, dawa ya kunyamazisha sauti, pamoja na amitriptilini, dawa ya sonona. Sauti zikanyamaza, nikarudi sokoni Bombo kwenye mitumba yangu. Asubuhi moja nakunja shuka, blauzi ikalowa pande zote mbili. Maziwa! Hedhi nayo ilikuwa imepotea, na mume wangu yuko Somalia na jeshi. Mawifi wakaanza kuhesabu miezi. Mmoja akanunua kipimo cha mimba, akanikabidhi mbele ya wageni. Kilipoonyesha mstari mmoja akasema kimeharibika. Hadi leo salamu yake naiitikia kwa kichwa tu.

Sikuacha dawa. Nilirudi kliniki nikauliza, na kwa dakika chache nikaelezwa jambo ambalo wangeniambia siku ya kwanza. Dopamini inayotoka haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, huizuia tezi ya pituitari iliyo chini yake isimwage prolaktini, homoni ya maziwa. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayoipokea, tezi inabaki haina wa kuizuia, maziwa yanashuka na hedhi inakatika. Nikapimwa damu, prolaktini iko juu, dawa ikabadilishwa polepole. Wanaume msicheke, nanyi mnaweza kuota matiti na nguvu za chumbani zikapungua.

Hata watafiti walipitia njia hiyo ya homoni. Walimpa mgonjwa wa sonona apomofini, dawa inayoamsha vipokezi vya dopamini, kisha wakapima homoni ya ukuaji na prolaktini kwenye damu waone mwili unavyoitika. Majibu ya tafiti hayakulingana, na katika baadhi yake wagonjwa waliitika sawa na wasioumwa. Hao walikuwa na sindano na maabara, wewe una video ya dakika moja.

Basi nenda ukaonwe. Si lazima Butabika, hospitali kuu ya akili kule Kampala; hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili. Ukiandikiwa dawa, uliza kabla hujatoka mlangoni: itagusa hedhi yangu? Uzito? Maziwa? Mwili ukibadilika, rudi na dawa zako mkononi, usiziache ghafla. Mimi niliambiwa niache vidonge nikaombewe. Niliombewa, na vidonge nikameza.

Na kama una mawifi, kipimo cha mimba kafanyie kliniki, upewe karatasi yenye muhuri.