Viungo vya chakula vya binti yangu na vumbi la mashine

Binti yangu alitibiwa minyoo, kisha taifodi, kisha minyoo tena. Tumbo limejaa gesi, damu pungufu, sketi ya shule inamvuka. Tukapanda treni hadi Dar es Salaam. Huko walimpima damu, wakachukua na kipande kidogo cha utumbo, tukaambiwa ni seliaki. Akila gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga yake mwenyewe huushambulia utumbo mwembamba. Tiba ni kuacha, maisha yote.

Nikajiambia, kwa Kigoma hiyo si kazi. Ugali wetu wa muhogo, wali, dagaa, migebuka, mawese: vyote salama. Nikaondoa chapati, maandazi na mkate, mtoto akaanza kunawiri. Halafu tumbo likarudi.

Kosa lilikuwa langu. Viungo nilinunua vizima soko la Mwanga, nikavianika vizuri, kisha nikavipeleka mashine kwa uvivu wa kutwanga. Siku moja nimepanga foleni, mama aliye mbele yangu anasagisha unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano. Alipomaliza, kijana wa mashine akaukung'uta ule mfuko wa mashine mara mbili, akaninyooshea mkono: "Lete vyako, mama." Nikautazama mdomo wa mfuko, umeganda unga. Kwa mtu mwingine hiyo si kitu. Lakini viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya chakula, vinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo nzima. Nikarudi na viungo vyangu nyumbani.

Tangu siku hiyo natwanga. Iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, binzari nyembamba na giligilani havina gluteni kwa asili yake, ila lazima uvichambue kwenye ungo. Kwenye giligilani nimewahi kuokota punje za ngano kwa mkono wangu. Kinu nacho nilinunua kipya, maana kile cha zamani kimetwangiwa ngano ya bokoboko tangu enzi za mama mkwe. Kinachonitesa ni manjano, yakikauka yanakuwa jiwe. Nanunua mabichi, nayakata vipande vyembamba kama karatasi, nayaanika, ndipo mchi unayaweza.

Vilivyokwisha kusagwa, vile vya kupimiwa kwa kijiko, sinunui tena. Simshutumu muuzaji, ila kijiko kimoja kinaingia kwenye kila ndoo, na wapo wanaoongeza unga ili mzigo uonekane mwingi. Jirani alinishauri nivitie kwenye maji, vikiwa vizito nijue vina ngano. Usihangaike na kipimo hicho. Manjano na tangawizi zina wanga wake zenyewe.

Vya pakti soma nyuma, si mbele. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo nimembandikia dada wa kazi kabatini karatasi yenye majina ya ngano, shayiri, rai na kimea kwa lugha hiyo. Viungo vya mchuzi na vidonge vya supu mara nyingi huwa na unga wa ngano wa kuongeza uzito. Sosi ya soya ya kawaida huchachushwa pamoja na ngano, na siki ya kimea hutoka kwenye shayiri. Mimi natumia ndimu. Mvuje ndio ulionishangaza: ule wa unga wa kopo huchanganywa na unga, mara nyingi wa ngano, kwa sababu wenyewe ni utomvu unaonata. Bibi yake Ujiji humfungia mjukuu mvuje kwenye kitambaa. Huo wa mkononi sina ugomvi nao.

Chumvi ya Uvinza haina neno, mradi usiichote kwa mkono wenye unga wa chapati.

Viungo vya binti vinakaa rafu ya juu, chupa za vifuniko vyekundu, na kijiko chake kimefungwa uzi mwekundu. Tukialikwa pilau ya Idi kwa bibi, natangulia asubuhi na chupa zangu, namwomba sufuria moja ndogo, naipika kabla hajaanza kukanda unga wa chapati.