Usilipie pipa la amini kabla hujatoa tope

Mkuu mleta uzi, simamisha hayo malipo. Umesema mawe yako ni mekundu, hematiti (madini ya chuma) iliyochanganyika na kwatzi (jiwe lisilo na chuma), na mpango wako ni kusaga laini kabisa kwenye karasha, unga wote uingie kwenye tangi, kisha amini, ile kemikali inayonata kwenye kwatzi, ipandishe kwatzi na povu, chuma kibaki chini. Kwa mpangilio huo hela yako inakwenda na maji. Toa tope kwanza, yaani ule unga laini kupita kiasi!

Nimefanya kazi hii kwenye plenti ya majaribio. Muuzaji wa kemikali alituambia tope halina shida, povu likisumbua ongeza dozi. Dozi ikaongezwa. Povu likapanda jekundu, zito, likafurika mpaka sakafuni, ukilimwagia maji halipasuki. Wekundu ule ulikuwa chuma chetu kinakwenda kwenye marudio, yaani mabaki ya kutupa. Mapipa yakaisha, yeye akaleta ankara nyingine. Yule bwana alijua anachofanya. Mtu anayekula kwa kila kilo ya amini unayonunua hawezi kukwambia utumie kidogo, na hadi leo nikimkumbuka damu inachemka.

Sababu ni hii. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) zina eneo kubwa mno la kunata kemikali kuliko mchanga wenye uzito uleule. Amini inanasa huko kabla haijafika kwenye kwatzi uliyoikusudia, na tope lenyewe linaganda juu ya chembe kubwa. Hapo ukiongeza dozi unalilisha tope tu.

Ndiyo maana kule Minas Gerais, Brazili, uji wa mawe hupitishwa kwanza kwenye haidrosaikloni, chombo kinachouzungusha kwa kasi kutenga chembe ndogo na kubwa, ili tope litoke. Baada ya hapo unawekwa wanga wa mahindi uliopikwa na kostiki soda, ushike hematiti isipande. Amini inakuja mwisho, pH (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa karibu 10.5. Ukitanguliza amini, wanga umechelewa. Mgodi wa Tilden, Michigan, Marekani, ulioanza 1974, una chuma cha chembe ndogo sana. Wao hutumia wanga kukusanya chembe za chuma zizame, tope la silika (ndiyo hiyo kwatzi) limwagwe, ndipo povu lianze.

Huna haidrosaikloni? Chukua chupa ndefu inayoonyesha, tia unga wako, jaza maji, weka kostiki kidogo chembe ziachane, tikisa, tulia. Chembe ya hematiti ya mikroni 10 inashuka sentimita 10 kwa dakika 7 hivi, ya kwatzi kwa dakika 18. Kwa hiyo subiri dakika 7, mwaga sentimita 10 za juu, rudia mpaka maji yaache kuwa mekundu. Kausha ulichomwaga, upime. Ikiwa ni sehemu kubwa ya unga wako, umesaga kupita kiasi, na hakuna kemikali ya kukuokoa. Punguza kusaga, ishie pale kwatzi inapoachana na chuma.

Sumaku pia uipitishe. Unga ukirukia sumaku ya mkononi, hiyo ni magnetiti, kama ile yenye titani ya Liganga, Ludewa, na kwa magnetiti unaanza na sumaku, habari za povu baadaye.

Fanya hiyo chupa leo, weka picha hapa ya maji baada ya dakika 7, na uandike umepoteza gramu ngapi. Muuzaji mwambie asubiri.