Seneta aliyeanza na tramu ndo akauza viwanja

SWALI: Mhariri shikamoo, nimesikia kuna mwanasiasa wa Marekani anaitwa Newlands alikuwa anauza viwanja pia, aliwezaje vyote viwili?

JIBU: Marahaba. Francis Newlands, mzaliwa wa 1846, aliwakilisha jimbo la Nevada bungeni toka 1893, akawa seneta 1903 mpaka anafariki 1917. Biashara ya ardhi aliianza kabla, kampuni yake ya Chevy Chase ni ya 1890, wakanunua mashamba nje ya Washington na hapa ndo akili yake ilipo, hakuanza na nyumba, walirefusha barabara ya Connecticut mpaka Maryland wakalaza reli ya tramu za umeme, yaani treni ndogo za barabarani, mwisho wa laini wakaweka bwawa la kupumzikia, mtu anakuja kutembea Jumapili anaona viwanja vile anatamani. Masharti sasa! Nyumba ya kwenye hiyo barabara ya Connecticut gharama yake isipungue dola 5,000.

Bungeni sheria ya 1902 ya umwagiliaji inaitwa kwa jina lake, imebadilisha kweli maeneo makavu ya magharibi. Ila mimi kinachoniuma ni 1912, alitaka Wamarekani weusi wanyang'anywe haki ya kupiga kura, na ndo maana jina lake kwenye chemchemi ya kumbukumbu aliyojengewa pale Chevy Chase limezua ubishi miaka na miaka.