Siku moja Coimbra ukitokea Lisbon: anza juu, halafu ushuke

Salaam alaikum dada. Umesema ukimaliza mkutano wako Lisbon utabaki na siku moja kabla ya ndege ya kurudi Mombasa, ukauliza kama siku hiyo yatosha kwenda kuuona mji wa chuo kikuu wa Coimbra na kurudi, au ni kujichosha njiani tu. Yatosha. Mimi nilikwenda Machi 2023 nilipomtembelea mpwa wangu anayeishi kule, nikarudi jioni ileile. Nimewatembeza wageni Ngomeni (Fort Jesus) na Mji wa Kale wa Mombasa miaka kumi na minne, kwa hivyo nitakujibu kama mtu wa kazi hiyo, tena mtu wa Mombasa.

Safari yenyewe haina mambo mengi. Panda treni stesheni ya Oriente. Zile za kasi, Alfa Pendular, hazimalizi saa mbili njiani. Zile za kawaida, Intercidades, huchukua kama saa mbili hivi. Kata tiketi siku kadhaa mapema, maana bei hushuka sana. Utashuka Coimbra-B, ambayo iko nje kidogo ya katikati ya mji. Hapo usianze kutembea. Chukua teksi, mwambie dereva akupeleke Universidade, moja kwa moja mpaka juu.

Nasisitiza hilo la juu kwa sababu wageni wengi huanzia chini, madukani, wakapanda kilima kwa ngazi jua likiwa kali, wakafika chuoni hawana pumzi wala hamu. Kuna kipande cha ngazi kinaitwa Quebra Costas, maana yake Vunja-mgongo, na jina hilo halikutolewa bure. Ukianzia juu, mji wote unakuwa mteremko.

Jambo la pili, tiketi ya Joanina, maktaba ya zamani ya chuo, huwa na saa maalumu ya kuingia. Inunue kwenye mtandao kabla hujaondoka Lisbon. Mimi nilifika saa nne asubuhi nikapewa nafasi ya saa nane mchana. Nilisikitika, lakini saa hizo nne za kungoja ndizo zilizonipa jambo ambalo mpaka leo silisahau.

Uwanja wa chuo, Pátio das Escolas, umezungukwa na majengo pande tatu, na upande wa nne uko wazi, unautazama mto Mondego kule chini. Ukisimama pale utajihisi uko juu ya kuta za Ngome unatazama bahari. Jengo lenyewe lilianza kama ngome ya watawala Waislamu, kabla Fernando wa Kwanza wa León hajauteka mji mwaka 1064. Baadaye likawa kasri la wafalme wa Ureno. Chuo kilianzishwa 1290 huko Lisbon na mfalme Dinis, kikahamishwa huku na huku, mpaka 1537 mfalme João wa Tatu alipokileta Coimbra moja kwa moja. Sanamu yake imesimama palepale uwanjani, kubwa, na watu wanapiga picha mbele yake.

Nikaitazama sanamu ile, nikaanza kuhesabu miaka. João wa Tatu alitawala kuanzia 1521 hadi 1557. Mwaka 1528 Mreno Nuno da Cunha aliivamia Mombasa, akakaa mjini na watu wake, na walipoondoka waliuchoma moto. Ni enzi ya mfalme huyuhuyu. Miaka tisa baada ya hapo akawafungulia wanafunzi milango ya kasri lake. Kisha nikagundua la pili. Kasri lile chuo kilikuja kulinunua mwaka 1597 kutoka kwa Filipe wa Kwanza wa Ureno, ndiye Felipe wa Pili wa Uhispania. Ni katika utawala wake Ngome yetu ilipoanza kujengwa, 1593. Miaka yote hiyo nimewaambia wageni jina la mfalme huyo langoni pa Ngome, na sikuwahi kujua kwamba kipindi hichohicho alikuwa akiuza nyumba kwa wasomi.

Nilikaa kwenye kizingiti cha ngazi muda mrefu. Nilihisi hasira, na nilihisi pia uchungu wa kufurahia uzuri wa mahali pale. Nakuambia hivi ili ukifika usishangae moyo ukikufanyia hivyo. Simama tu, tazama, kisha uendelee.

Maktaba ilijengwa kati ya 1717 na 1728, wakati wa João wa Tano, enzi ambazo dhahabu ya Brazil ilikuwa ikimiminika Ureno. Kuta zake zina unene wa zaidi ya mita mbili na mlango ni wa msaji, mti uleule wa milango yetu ya nakshi. Ndani ni dhahabu toka chini hadi dari. Lakini kilichonigusa zaidi ni popo. Wanaishi humo, na usiku hutoka kula wadudu wanaotafuna karatasi. Kila jioni wafanyakazi huzifunika meza kwa ngozi, asubuhi wakafagia kinyesi. Nyumba ya mfalme, na vitabu vyake vinalindwa na popo!

Chini ya maktaba kuna jela ya wanafunzi. Chuo kilikuwa na sheria zake na kiliwafunga watu wake chenyewe, mpaka 1834. Hapo nikawaza neno letu gereza, ambalo asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ngome yetu ilikuwa na kanisa ndani, na Waingereza wakaja kuifanya jela toka 1895 hadi 1958. Maneno haya yatakufuata siku nzima. Mhudumu wa mkahawa atakuambia mesa ukajua ni meza. Bandeira ni bendera, na lenço ndiyo leso unayojifunga nyumbani.

Ukitoka uwanjani utapita majengo makubwa meupe ya vitivo. Yalijengwa baada ya serikali ya dikteta Salazar kuanza kubomoa mitaa ya watu miaka ya 1940, na wenyeji wakahamishiwa kwingine. Mimi yaliniuma, kwa sababu najua nyumba ngapi za Mji wa Kale nimeziona na roshani zake na leo ni magofu au ghorofa za vioo. Usikae hapo. Shuka kwenye jumba la makumbusho la Machado de Castro, uone njia za chini ya ardhi walizojenga Warumi, lakini kumbuka Jumatatu hufungwa. Endelea mpaka kanisa kuu la zamani, Sé Velha, la karne ya 12, kisha ngazi za Vunja-mgongo, mpaka utokee kwenye lango linaloitwa Arco de Almedina. Almedina ni al-madina, mji. Mlango wa mji, kwa Kiarabu, katikati ya Ureno. Nililigusa jiwe lake kwa mkono.

Chakula: kama unatafuta halali, uliza kila kitu. Sahani yao maarufu, chanfana, ni nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu, kwa hivyo usidanganyike na neno mbuzi. Mimi nilikula dagaa wakubwa wa kuchoma, na bacalhau, samaki wa chumvi anayenikumbusha ng'onda. Vikeki vya Santa Clara vya lozi na viini vya mayai ni vitamu, ila uliza vimetiwa mafuta gani.

Epuka Mei kama unaweza, wakati wa sherehe za wanafunzi za Queima das Fitas. Mji hufurika. Na jioni uwe stesheni nusu saa kabla ya treni.

Nina ombi moja. Kwenye ukuta wa Sé Velha kuna jiwe lenye maandishi ya Kiarabu. Nilipita pale sijui habari zake, mpwa wangu akaniambia tukiwa tayari ndani ya treni. Ukilipata, lipige picha uiweke hapa.