Chatsky ni mwendawazimu? Namna ninavyoisoma komedi ya Griboyedov

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kwa nini tamthilia ya Griboyedov, Gore ot uma, yaani Balaa la Kuwa na Akili, inaitwa komedi ilhali mhusika mkuu anaondoka amevunjika moyo na kupachikwa uwendawazimu, na kama huyo Chatsky ni mwerevu kweli au ni mropokaji tu. Niliisoma nilipokuwa mwanafunzi Moscow, nikakaririshwa vipande vyake, na baadaye nikaiona jukwaani, kwa hiyo nitajibu kwa jinsi nilivyoielewa mimi.

Nionavyo, wengi wanakosa utamu wake kwa sababu wanamkodolea macho Chatsky na hotuba zake ndefu. Kichekesho kimo kwa wale wanaomzunguka, na hasa katika namna jamii ya wakubwa inavyoutengeneza uongo mmoja kwa ushirika, kila mtu akichangia kidogo, bila hata mmoja wao kuona kwamba anadanganya.

Aleksandr Griboyedov alikuwa mwanadiplomasia, na tamthilia yake aliikamilisha mwaka 1824. Wadhibiti wa serikali hawakukubali ichapwe nzima. Mwaka 1825 vilitoka vipande tu, na watu waliisoma nzima kwa nakala zilizoandikwa kwa mkono na kupitishwa nyumba hadi nyumba. Mwandishi mwenyewe aliuawa Tehran mwaka 1829, umati ulipouvamia ubalozi wa Urusi, na toleo kamili halikuchapwa nchini mwake mpaka miaka ya 1860.

Mambo yote yanatokea ndani ya siku moja, Moscow, nyumbani kwa Famusov, mkubwa wa ofisi ya serikali ambaye kwake faili likishatiwa saini ni mzigo umetua begani. Chatsky anarudi baada ya miaka mitatu ya kuzunguka nje, akimfuata Sofya, binti wa Famusov, ambaye walikua pamoja. Sofya moyo wake umeshahamia kwa Molchalin, katibu wa baba yake, anayeishi humo humo ndani. Huyu Molchalin aliusiwa na marehemu baba yake awapendeze watu wote bila kubagua: mwenye nyumba, mkubwa wa kazi, mtumishi anayemsafishia mkubwa nguo, bawabu, na hata mbwa wa mfagizi wa uani, ili naye awe na upendo. Vijana wa siku hizi wangemwita chawa, na wasingekosea. Lakini angalieni kwamba mwandishi hakumpa makelele ya chawa. Amemfanya mpole, mnyamavu, nadhifu, mtu anayesema kwamba kwa umri wake haifai kuthubutu kuwa na maoni yake mwenyewe. Ndiyo maana anatisha kuliko Famusov.

Mwalimu wetu alitukaririsha kipande ambacho Famusov anamsimulia Chatsky habari za marehemu mjomba wake, Maksim Petrovich. Mzee huyo alikuwa mtu wa baraza la malkia Katerina. Siku moja akiwa katika hadhara, alijikwaa akaanguka, nusura apasue kisogo. Malkia akacheka. Basi mzee akainuka, akajifanya anataka kusujudu, akaanguka mara ya pili, safari hii makusudi, na kicheko kilipozidi akaanguka ya tatu. Matokeo yake ni kwamba hapakuwa na mtu aliyealikwa kwenye meza ya karata ya malkia kama yeye. Famusov hasimulii haya kwa kejeli hata kidogo. Anayatoa kama somo kwa vijana wenye kiburi wasiojua wazee walivyopanda vyeo. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa komedi hii: msimulizi anajihukumu kwa kinywa chake na hajui.

Sasa njooni kwenye tendo la tatu, usiku wa dhifa, ambalo kwangu ndilo roho ya kazi nzima. Chatsky amemkejeli Molchalin mbele ya Sofya, na Sofya, kwa hasira, anamtamkia mgeni mmoja kwamba Chatsky hana akili timamu. Ni kauli iliyomponyoka. Mgeni anauliza kama kweli amerukwa na akili. Sofya anasita kidogo, anajibu kwamba si kabisa, na mgeni anapouliza kama dalili zipo, anaona nafasi ya kulipiza kisasi, anasema anadhani zipo. Mgeni huyo, ambaye mwandishi hakumpa jina bali herufi tu, anampelekea mwenzake, naye wa herufi tu. Huyo anampata Zagoretsky, mcheza karata na mzushi anayejulikana mji mzima, ambaye hapo hapo anadai kwamba habari hizo anazo zamani: Chatsky alifungwa minyororo katika nyumba ya wendawazimu. Anapoambiwa kwamba mtu huyo alikuwa humu chumbani sasa hivi, hatahayari. Anajibu kwamba basi wamemfungua mnyororo.

Kutoka hapo kila kinywa kinaongeza chake. Zagoretsky huyo huyo, akifika kwa bibi mmoja kiziwi, anasema ugonjwa umetokana na jeraha la kipaji cha uso alilolipata milimani. Wengine wanasema ni ulevi: mmoja anataja glasi za shampeni, wa pili anasema ni chupa, tena kubwa, wa tatu anakata shauri kwamba ni mapipa. Famusov anadai yeye ndiye aliyegundua kwanza, kisha anatoa sababu yake, kwamba elimu ndiyo tauni, na kwamba dawa ya kukomesha uovu ni kukusanya vitabu vyote vichomwe. Zagoretsky anaona vitabu vingine vinavumilika, ila si hekaya za wanyama, kwa kuwa humo simba na tai wanachekwa, nao hata wakiwa wanyama ni wafalme. Kisha, jambo linalonichekesha kila mara, Famusov na shemeji yake Khlyostova wanasahau ugonjwa na kuanza kubishana kama mgonjwa anamiliki watwana 400 au 300.

Mtu mmoja tu anatia shaka, Platon Mikhailovich, rafiki wa zamani wa Chatsky, ambaye sasa mkewe anamtunza kama mtoto. Anauliza nani aliyeanzisha. Mkewe anamjibu: wote. Naye anakubali kwamba kama ni wote basi hakuna budi kuamini, ingawa yeye ana mashaka. Hatumsikii tena akimtetea rafiki yake.

Kuhusu werevu wa Chatsky, mshairi wa Urusi Pushkin aliuliza swali hili hili katika barua ya mwaka 1825: mtu mwenye akili hutambua mara moja anazungumza na nani, hamwagi lulu mbele ya wasiostahili. Ni hoja nzito, na kuna mahali Chatsky anahutubia, anageuka, anakuta watu wanacheza valsi na wazee wametawanyika kwenye meza za karata. Ila mimi nadhani Pushkin alimpunja. Chatsky ni mtu aliyekwenda kwa saa 45 bila kufumba jicho, akapita zaidi ya versta 700 (versta ni kipimo cha zamani cha Urusi, kinachozidi kilomita kidogo tu) kwa ajili ya msichana, akapokewa kwa ubaridi. Anabwabwaja kwa sababu anapenda na haamini anachokiona, tena anayoyasema mengi ni kweli, mathalani habari ya bwana aliyewatoa watumishi waliowahi kumwokoa uhai na heshima ili apewe mbwa watatu wa kuwinda.

Wasomaji wa kwetu wasiruke pia mahali Khlyostova anapoingia na msichana mweusi na kambwa, akaagiza vyote viwili vilishwe, kisha akamweleza msichana huyo kama shetani hasa. Anasema alipatiwa na Zagoretsky, aliyedai kumnunua kwenye gulio. Darasani, ingawa Waafrika tulikuwa wengi, mistari hiyo ilipitwa haraka. Mle ukumbini hakuna anayestuka, na Griboyedov ameiweka kati ya salamu na umbea, mahali pake hasa.

Mwisho ni wa komedi kabisa: binti ameaibika, Molchalin amefumaniwa akimtongoza kijakazi, Chatsky ameita gari lake, na kinachomliza Famusov ni kwamba bibi mkubwa Marya Alekseyevna, ambaye hatujamwona hata mara moja, atasema nini.

Anayetaka kuanza aanze na tendo la tatu, asome kwa sauti pamoja na wenzake. Tamthilia yote ni ya ushairi, na masikio yaliyozoea mizani nane kwa nane yatashangaa, maana mshororo mmoja unaweza kuwa mrefu na unaofuata ukawa neno moja, na mara nyingine watu watatu wanagawana mshororo, lakini vina havikatiki. Kanali Skalozub, mmoja wa wageni wa dhifa, ana maneno machache. Apewe mtu mwenye sauti nzito asiyecheka ovyo.