Anza na 行: ushauri kwa anayesahau herufi za Kichina

Wiki hii nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Mwanza: "Dada, pinyin naisoma bila shida, ila herufi zinanitoka kichwani nikishafunga daftari. HSK ya pili nimefaulu, ya tatu naiogopa. Nifanyeje?" Pinyin ni matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na HSK ni mtihani wa Kichina wa ngazi kwa ngazi. Najua mko wengi wa namna yake. Ninyi mnaonisoma hapa mnataka nilichokitaka mimi: kusimama mbele ya Mchina dukani au kiwandani na kufanya kazi bila kushikwa mkono.

Hofu yake ina sababu. Kwa mfumo tuliouzoea, karatasi za HSK ya kwanza na ya pili zina pinyin pamoja na herufi. Ya tatu pinyin inaondolewa kwenye sentensi, na kuna sehemu ambapo unaachiwa nafasi tupu katikati ya sentensi, pinyin ya herufi hiyo tu juu yake, uijaze herufi mwenyewe. Aliyezoea kuegemea pinyin anakwama hapo.

Mdogo wangu, acha kukusanya herufi. Shika moja, uijue kwa mkono, kwa sikio na kwa mdomo, ndipo uende nyingine. Mimi nilianza na 行.

Ina mistari sita. Upande wa kushoto unaanza na mstari mfupi ulioinama kushoto, chini yake mwingine kama huo lakini mrefu zaidi, kisha mmoja wa kusimama. Ukimaliza huo unahamia kulia: mstari mfupi wa kulala, chini yake mrefu wa kulala, halafu wa kusimama unaoshuka na kuishia na kikulabu kinachotazama kushoto. Andika kwenye daftari la tianzige, lile la miraba iliyogawanywa vipande vinne, ili uone upande wa kushoto unavyopaswa kuwa mwembamba kuliko wa kulia. Usiruke mpangilio huo hata kama herufi inatoka nzuri bila kuufuata. Mchina akiandika haraka, mistari yake inaungana kwa mpangilio huohuo, na usipokuwa nao mkononi hutasoma mwandiko wake.

Kwenye mifupa ya kale iliyochorwa maandishi China enzi za ufalme wa Shang, herufi hii ilichorwa kama njia panda. Nilipoiona picha ile, 行 haikunitoka tena.

Sasa matumizi. Ukiitamka xíng, ina maana ya kwenda, na pia ya kukubali kwamba jambo linafaa. Dukani unauliza 行不行, yaani inawezekana au haiwezekani, na muuzaji anajibu 行 au 不行. Nimeshasikia bei nzima ikipatanwa kwa maneno hayo na kikokotoo tu. Imo pia ndani ya 自行车, baiskeli, na 人行道, njia ya waenda kwa miguu. Ukiitamka háng, kwa toni ileile ya pili, inakuwa safu au fani ya kazi, nayo imo ndani ya 银行, benki, na 行情, hali ya bei sokoni. Usichanganye. Ukiandika yinxing kwenye simu ukitafuta benki, unaweza kuletewa 银杏, ambao ni mti.

Sasa niwaambie kwa nini naipenda herufi hii kuliko zote. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alinichukua nimtafsirie Guangzhou, kwenye maduka ya mikoba kule Sanyuanli. Tangu asubuhi alikuwa akiniambia kwamba mkalimani ni mdomo tu, kuandika na kusoma simu inafanya. Tulipofika kwenye malipo, mwenye duka akachana kipande cha karatasi, akaandika jina, namba ndefu ya akaunti, na herufi mbili kwa mwandiko wa mbio. Bosi wangu akaielekezea kamera ya simu. Ikamletea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kitu kuhusu kujenga na kutembea. Akaielekeza tena, yaleyale. Mimi niliitazama mara moja. Ilikuwa 建行, Jiànháng, jinsi Wachina wanavyofupisha jina la China Construction Bank. Mwandiko ule wa mbio wenyewe unaitwa 行书, xíngshū, herufi yangu tena! Nikamsomea, nikamhakikishia na mwenye duka, malipo yakafanyika.

Asante nilipewa. Lakini jioni alinilipa nusu ya alichomlipa kijana wa kiume aliyefuatana nasi, ambaye karatasi ile hakuweza kuisoma. Hadi leo linaniuma, na sioni kwa nini nilifiche. Tangu siku hiyo nataja bei yangu kabla ya kupanda teksi.

Kwa hiyo mabinti, andikeni. Andikeni kwa mkono, kila siku, hata mkiwa mmechoka, hata ndugu wakiwauliza mnachora nini. Usikubali mtu akuambie simu inatosha. Usijifunze herufi peke yake, ijifunze ndani ya maneno yake. Andika, tamka huku unaandika, kisha funga daftari uandike tena bila kutazama. Kama uko Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, zipo Taasisi za Confucius kwenye vyuo vikuu, nenda ukaulize madarasa. Kama uko mbali nazo, daftari la miraba unajichorea mwenyewe kwa rula.

Na wewe wa Mwanza, HSK ya tatu jiandikishe. Ukishaimudu 行, chukua 长, mistari minne tu, nayo ina matamshi mawili: cháng ni refu, zhǎng ni kukua au mkuu. Halafu ziweke pamoja, 行长. Inasomwa hángzhǎng, mkuu wa benki. Ukiweza kuiandika bila kutazama, ipige picha unitumie.