Unapima sumu ya tope kwa minyoo? Anza na mchanga safi

Mara ya kwanza nilipowatia minyoo wa baharini kwenye tope la bandari, siku ya tatu karibu wote walikuwa wamekufa. Nikaanza kuandika kwamba tope lile lina metali nzito. Kumbe hata kwenye mabeseni ya mchanga safi, yale ya kulinganishia, walikuwa wamekufa vilevile. Nikaanza upya.

Nilikuwa masomoni Uingereza, na mnyoo wetu alikuwa Arenicola marina, ambaye wavuvi wa huko humchimba maji yakipwa wakamfanya chambo. Anafaa kwa sababu chakula chake ni mchanga wenyewe: sumu iliyonata kwenye chembe za tope inapita tumboni mwake, kisha mabaki anayasukuma juu yakiwa kama uzi uliojiviringa. Jaribio ni la siku 10, minyoo 5 kila beseni, maji nyuzi 15 hivi za selsiasi.

Kosa langu lilikuwa kununua minyoo ya chambo na kuwatumia siku ileile. Wengi walikuwa wamechubuka. Wachimbe mwenyewe, taratibu, uwalaze usiku mzima kwenye maji safi ya bahari yenye pampu ya hewa. Asubuhi waweke juu ya mchanga: anayezama haraka ni mzima, anayebaki juu mwache.

Tope nalo lina hila zake. Likikaa siku nyingi kwenye ndoo, amonia huongezeka. Na lile jeusi linalonuka yai viza lina salfaidi. Vyote viwili huua mnyoo hata pasipo metali yoyote. Pima kabla ya kuanza, na uendelee kupima jaribio likiendelea.

Halafu, tafadhali, usihesabu maiti tu. Kila asubuhi hesabu zile nyuzi za mchanga, kisha sawazisha uso wa tope ili kesho usihesabu za jana. Miaka ya 1990, dawa ya ivermectin, iliyokuwa ikitumiwa dhidi ya chawa wa samaki aina ya salmoni, ilijaribiwa kwa mnyoo huyuhuyu, na ikaonekana anapunguza kula hata kwa kiwango cha dawa kisichotosha kumuua. Ukingoja afe, umechelewa kuiona sumu.

Na wakifa zaidi ya asilimia 10 kwenye mchanga safi, tupa matokeo yote, hata kama msimamizi anasubiri ripoti kesho.